Andika Swali Kwanza

Siku ile tulikuwa sita ndani ya maktaba ya chuo. Alikuwepo Mabula, mdogo wangu anayenifuata. Alikuwepo Luhende, mwenzake wa duarani, yaani shimo la dhahabu, kule Mwakitolyo. Alikuwepo Nyamizi, kitinda mimba wetu, aliyekuja na sare ya shule ingawa ilikuwa Jumamosi, kwa sababu ndiyo nguo yake pekee isiyo na kiraka. Alikuwepo Baba Rehema, mlinzi wa getini, aliyesema anaingia dakika moja tu kuangalia usalama na hakutoka tena. Alikuwepo Mkutubi. Na mimi Kabula, dada wa wale wawili, mfanya usafi wa jengo hilo. Nawataja wote kwa sababu kila mmoja wetu, isipokuwa Mkutubi mwenyewe, ana mstari kwenye daftari lake, na kati ya mistari hiyo kuna mmoja ambao mpaka leo haujajazwa.

Jina lake nalijua, lakini sijawahi kulitumia. Chuo kizima kilimwita Mkutubi, hata mkuu wa chuo akimtuma mtu alisema, "Kamwite Mkutubi." Alikozaliwa sikuuliza. Nilimfahamu kwa miaka saba, na nilianza kumfahamu kwa miguu, maana anayepiga deki huwajua watu kwa miguu kabla ya sura. Viatu vyake vilikuwa vyeusi vya kamba, kisigino cha kulia kimelika kuliko cha kushoto. Havikutulia. Vilitoka kwenye meza yake vikaenda dirishani, akachungulia kama kisahani cha intaneti bado kiko juu ya paa, vikarudi kwenye kompyuta, vikaenda tena dirishani. Mtandao ukizidi kuwa mzito, naye alizidi kutembea, funguo zikilia mfukoni. Mimi napiga deki, yeye anakanyaga. Narudia, anakanyaga tena.

Siku moja nikamwambia, "Shikamoo Mkutubi. Hapo pabichi."

"Marahaba Kabula," akajibu bila kusimama. "Nionyeshe pakavu, nitakaa."

Sikuweza kumlaumu. Mimi pia si mtu wa kukaa. Tangu wazazi walipotutoka, nikiwa darasa la sita, nikikaa nasikia kama kuna sufuria inaungua mahali. Nadhani ndiyo sababu tulielewana, watu wawili wasiotulia ndani ya chumba ambacho kila ukuta umebandikwa karatasi ya kuwataka watu watulie.

Vitabu vya maktaba ile havikuwa vingi, na vingi vyake vilikuwa vikuukuu. Fahari ya Mkutubi ilikuwa kompyuta nane za ukutani. Ndani yake, alisema, kuna maktaba kubwa kuliko mkoa: makala za utafiti za wataalamu wa nchi zote, zimepangwa kwenye kanzidata ambazo chuo kililipia kila mwaka, na video za mafunzo ambazo hazipakuliwi, zinatazamwa pale pale zinavyotiririka kutoka mtandaoni. Wanafunzi waliziita databezi. Yeye alisema kanzidata, na mwanafunzi aliyesema vingine alijibiwa polepole kana kwamba hakusikika.

Lakini hakuna aliyegusa kompyuta kabla ya daftari. Lilikuwa daftari kubwa la mistari, limelazwa kwenye meza ndogo mlangoni, na penseli imefungwa kwa uzi wa katani. Mkutubi alikuwa amelipiga safu tatu za kusimama kwa rula. Safu ya kwanza unaandika swali lako. Ya pili, jibu umelipata wapi. Ya tatu ilikuwa na kichwa kilichowachekesha wageni: "Nimemweleza nani."

"Andika swali kwanza," ndiyo salamu yake. Mwalimu mwenye shahada mbili aliandika. Mkaguzi aliyekuja kutoka wilayani aliandika. Kijana mmoja alisema hana swali, anataka tu kuperuzi, Mkutubi akamwambia aende sokoni, kule watu wanaruhusiwa kutembea bila kujua wanachotafuta. Akamshika mkono lakini, akamsindikiza hadi mlangoni kwa upole, na kesho yake yule kijana akarudi na swali.

Kuhusu safu ya tatu alikuwa na maneno yake. Alisema kitabu ukiazima unakirudisha kwake, lakini jibu ukiazima huwezi kumrudishia yeye, maana analo tayari. Jibu unamrudishia mtu mwingine anayelihitaji. Usipomweleza mtu, umebaki na mali ya maktaba. Ijumaa alipita na daftari akiwatafuta wenye safu ya tatu tupu, kwenye korido, kwenye foleni ya chakula, hata nje ya msikiti na nje ya kanisa. "Swali lako la mchwa wa mihogo, umemweleza nani?" Watu walimkwepa kama mtoza ushuru.

Alikuwa na mambo yasiyopatana ndani yake, na sitayaficha. Alidharau video. Alisema makala ni ugali na video ni uji, uji ni wa mgonjwa na mtoto. Hata hivyo kulikuwa na video moja ya wanafunzi wa mifugo, ya jinsi ya kukata kwato za ng'ombe zilizorefuka, na kila ilipofunguliwa yeye alisimama nyuma ya wanafunzi akaitazama hadi mwisho, mikono nyuma, kama hajawahi kuiona. Ndipo miguu yake ilipotulia. Nilizoea kungojea video ile nipige deki sehemu yake.

Tena, alikuwa mkali wa sheria kuliko polisi, lakini sheria alizisoma hadi mstari wa mwisho akitafuta mahali mtu anaweza kupita. Na huyu mtu aliyetafutia kila mtu jibu, lake mwenyewe hakulitafuta. Kuna wakati alishika ukingo wa meza akafumba macho, jasho likamtoka, halafu akaendelea kutembea. Nikamwambia aandike swali na yeye. Akasema daktari wa meno hajing'oi jino.

Sasa nieleze mstari wangu.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu pale. Asubuhi moja wanafunzi wa afya ya mazingira walikuwa wamefungua makala kwenye kompyuta ya tatu, nami napita na fagio. Kwenye kioo kulikuwa na picha ya karai dogo juu ya mkaa, na ndani yake kidonge cha rangi ya fedha. Nikasimama. Karai lile ningeweza kulichora usiku bila taa. Anayejua mwaloni, pale mawe ya dhahabu yanapooshwa, anajua: mawe yakisagwa kwenye karasha na kuoshwa, unamimina zebaki, inakamata dhahabu, unakamua kwa kitambaa, unabaki na kidonge. Unakichoma juu ya mkaa, zebaki inapotea hewani, dhahabu inabaki njano. Kazi hiyo niliifanya tangu nina miaka kumi na minne. Wachimbaji waliniletea vidonge nyumbani kwetu, maana nilikuwa mwaminifu na sikupunguza hata chembe. Nilichomea jikoni, upepo usipeperushe mkaa. Hivyo ndivyo Mabula alivyokula, na ndivyo Nyamizi alivyopata maziwa ya ng'ombe badala ya ya mama.

Niliwauliza wale wanafunzi hiyo picha inasemaje. Mmoja akasema, "Sumu, dada," akageuza ukurasa.

Siku nzima sikutulia. Nilipiga deki korido mara tatu. Jioni wanafunzi walipotoka nikamwendea Mkutubi nikaanza kueleza kwa mdomo, akaninyooshea penseli. Nikamwambia mimi si mwanafunzi. Akasema mkataba wa kanzidata ameusoma, unasema aliye ndani ya kuta za maktaba ni msomaji, haukutaja fagio.

Niliandika nikafuta, nikaandika tena. Mwisho ikabaki hivi: "Je, moshi wa zebaki ulimdhuru mtoto aliyekuwa mgongoni?"

Mkutubi alisoma. Akaisoma tena. Akauliza tu kama nataka kutafuta mwenyewe au anitafutie. Nikasema mwenyewe. Nilichapa maneno yangu ya Kiswahili kwa kidole kimoja, kompyuta ikajibu hakuna kitu. Nilihisi aibu, kama mtu aliyebisha hodi nyumba isiyo yake. Mkutubi akaniandikia maneno matatu ya Kiingereza kiganjani kwa kalamu, nikayachapa moja baada ya jingine nikiangalia mkono wangu. Yakatoka majina ya makala yasiyo na mwisho.

Tulizisoma kwa wiki nne, kila jioni nusu saa. Alivuta kiti akaniwekea mimi, yeye akasimama. Alisoma ikisiri, yaani yale maelezo mafupi ya mwanzo, kwa Kiingereza, halafu akanisimulia kwa Kiswahili, na mahali nilipokwama akajaribu Kisukuma chake kibovu kilichonichekesha hata kwenye habari mbaya. Habari zilikuwa mbaya. Ule moshi hauonekani wala haunuki, unaingia kwa pumzi, na mtoto mchanga unamuumiza kuliko mtu mzima: mikono, akili, usemi. Jioni moja sikuweza kukaa kwenye kile kiti, nikainuka nikaanza kupangusa madirisha ambayo nilikuwa nimeyapangusa asubuhi. Mkutubi akaendelea kusoma kwa sauti huku nikipangusa.

Alipomaliza alisema kitu ambacho nimekishika. "Makala hizi zimewapima watoto wengi, lakini hazimjui mtoto wako wa mgongoni. Zinakwambia uogope nini. Kama aliumia au hakuumia, hilo watajibu wanaompima yeye."

Nikasema si mtoto wangu, ni wa jirani. Akasema sawa.

Safu ya pili nikaijaza. Ya tatu nikaiacha.

Wakati huo Nyamizi alikuwa anakaa nami mjini Shinyanga, chumba kimoja, anasoma sekondari. Msichana mwenye akili na maneno mengi. Ila akibeba kikombe kilichojaa, chai inamwagika kwenye kisahani, na mwandiko wake shuleni waliuita nyayo za kuku. Yeye mwenyewe alicheka. Alisema kuku pia wana haki ya kuandika.

Mabula alikuwa amebaki Mwakitolyo kwenye nyumba ya wazazi. Alikuwa amerithi kazi yangu, karai langu na jiko lile lile. Ameoa, na mkewe amejifungua. Nilikwenda kumwona mtoto, wa kiume, ana miezi miwili, nikamkuta mgongoni kwa mama yake anayesonga ugali, na hatua tatu kutoka hapo Mabula amechutama anapuliza mkaa chini ya kidonge. Nilipiga teke lile karai. Kidonge kikaviringika hadi chini ya mtungi.

Hakunipiga, lakini alisimama. Nikamweleza niliyoyasoma. Akasikiliza huku akitafuta kidonge kwa kijiti, akakipata, akakifuta kwenye suruali. Akasema moshi gani, mbona haoni moshi. Kuni zinatoa moshi, hii haitoi kitu. Kisha akasema lile nililokuwa naliogopa.

"Dada, nani alinifundisha? Si wewe? Mbona wewe hujafa?"

Mkewe akaacha mwiko ndani ya ugali akaniangalia mimi, si yeye. Nilirudi mjini siku hiyo hiyo.

Niliona dawa ni moja: Mabula huamini macho yake tu. Tangu utotoni ukimwambia mto umejaa, anakwenda kuutazama. Na mle kwenye kanzidata tulikuwa tumekuta video ya mafunzo, wataalamu fulani wamekiweka kidonge juu ya moto mbele ya kioo kinachong'aa kijani, chini ya taa maalumu, na chini ya taa ile moshi wa zebaki unaonekana. Nikamwomba Mkutubi neno la siri la chuo ili nimwonyeshe Mabula kwenye simu kule kule nyumbani.

Akakataa. Nikamwambia ni mtoto wa miezi miwili. Akasema anajua, na neno la siri si lake wala langu, ni la chuo, na likivuja wanafunga kanzidata kwa wote. Nikamwambia ana moyo wa kabati. Ndiyo mara pekee nilimkosea adabu. Wiki nzima nilipiga deki kuizunguka meza yake nikaacha kisiwa cha vumbi pale aliposimama, naye alikuwa anaruka kisiwa kile kama mtu avukaye kijito.

Ijumaa akaja na ule mkataba wa kurasa nyingi, kidole kimewekwa kwenye mstari. Aliye ndani ya kuta. "Mlete hapa," akasema. "Kesho, saa saba na nusu. Mkataba haujataja gamubuti."

Kumleta Mabula kulinigharimu uongo mmoja. Nilimwambia chuoni kuna ramani za dhahabu. Akaja, tena akamchukua Luhende, wamepandana kwenye pikipiki ya Luhende na vumbi la Mwakitolyo lote usoni. Baba Rehema akawazuia getini akisema hapa ni mahali pa elimu, si mwaloni. Luhende akamuuliza elimu yake ni ya darasa la ngapi. Nilikwenda kuwaamua, na katika kuamua wote wakaingia, mlinzi akiwa nyuma yao.

Mkutubi aliwasalimu kwa Kisukuma, mwadila, akakosea lafudhi, wakacheka, na hapo hapo akawanyooshea penseli. Luhende aliandika swali lake bila kusita: dhahabu iko wapi. Nilidhani Mkutubi atakasirika. Akakaa nalo kwa heshima kama swali la profesa. Akafungua makala za wanajiolojia, akawaonyesha ramani ya miamba ya kijani kutoka Shinyanga hadi Geita na kuendelea ziwani. Luhende akainama hadi pua ikakaribia kioo. Akauliza kwa hiyo ipo. Mkutubi akasema ipo, tena makala imeeleza vizuri, iko chini ya leseni ya mtu mwingine. Baba Rehema alicheka hadi akashika goti, na ndipo akaandika lake, kuhusu goti.

Nyamizi aliandika: "Ng'ombe wanaota ndoto?" Nilimwona Mkutubi akiliangalia daftari baada ya hapo, muda mrefu kuliko swali lenyewe lilivyohitaji. Aliangalia mwandiko. Kisha akaangalia mstari mwingine, kurasa za nyuma. Akafunga daftari, akamtafutia Nyamizi makala ya usingizi wa ng'ombe, wakaisoma pamoja, na ikaonekana wataalamu wamelifikiria jambo hilo na bado hawajui.

Mabula alikataa kuandika. Akasema yeye hana swali, ana kazi. Nikaona yote yanaharibika, maana Mkutubi hajawahi kuivunja sheria hiyo, hata kwa mkaguzi. Akatembea hadi dirishani. Akarudi. Akamwambia Mabula, basi yeye Mkutubi ndiye mwenye swali, ila hajawahi kushika kidonge maishani mwake, na video anayo lakini sauti ni ya Kiingereza. Angeizima sauti. Je, fundi angekuwa radhi kuwaeleza waliopo kinachofanyika?

Mabula alinitazama kuona kama nimepanga. Sikuwa nimepanga. Akavuta kiti akakaa mbele ya kompyuta.

Video ilichukua muda kufunguka, kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, Mkutubi akatembea, funguo zikalia. Halafu ikafunguka. Mabula akaanza kueleza, kwa Kiswahili kwanza kwa ajili ya Mkutubi, kisha alivyonogewa akahamia Kisukuma. Huyu ameshika kidonge. Amekikamua vibaya, kina maji bado. Karai lake jipya, hajawahi kuchoma huyu, anaogopa. Luhende akacheka. Sasa anawasha moto. Moto mkubwa mno, atarusha chembe. Nyuma kuna kioo cha kijani, sijui cha nini, mapambo. Sasa zebaki inaanza kutoka.

Kwenye kioo cha kijani kivuli kikainuka kutoka kwenye karai. Kizito, cheusi, kinajikunja kama moshi wa tairi. Hakikupanda juu tu. Kilitandaa pembeni, kikashuka, kikafunika mkono wa yule mtu, kikapita usoni pake, naye hakupepesa macho kwa sababu hakuwa anakiona.

Tulisubiri Mabula aeleze. Video ikaendelea kimya hadi mwisho.

"Rudisha," akasema.

Mkutubi akarudisha. Kiduara kikazunguka. Mabula akatazama mara ya pili, na ya tatu. Mara ya tatu hakuwa anatazama karai tena, alikuwa anatazama umbali, anapima kwa macho kutoka kwenye moto hadi ukingo wa kioo, na nilijua anapima nini, maana jiko lile nalijua: hatua tatu hadi kwenye chungu cha ugali.

Akainuka. Akaenda mlangoni kwenye daftari, akashika penseli kama mtu ashikaye patasi, akaandika, akatoka nje bila kuaga, tukasikia pikipiki. Luhende akakimbia akipiga kelele kwamba pikipiki ni yake.

Nilikwenda kusoma. Alikuwa ameandika: "Chombo cha kufunika kinatengenezwaje?"

Mkutubi alimtafutia michoro, nikampelekea. Wakachomelea chombo kwa fundi mmoja wa mageti, bomba na kifuniko vinavyoirudisha zebaki kwenye maji, wakakiweka mbali na nyumba. Hakuacha dhahabu mara moja, nani angempa kazi nyingine, lakini jikoni hakuchoma tena. Mwezi uliofuata alikuja mwenyewe kujaza safu ya tatu: majina kumi na tisa, la Luhende la kwanza, mengine yamekwenda hadi pembeni mwa karatasi. Mkutubi alizunguka na daftari hilo chuo kizima akiwaonyesha walimu. Alisema mtu huyu amerudisha na riba.

Mimi Ijumaa zile hakuniuliza. Alipita na daftari karibu yangu, funguo zikilia, akaulizia watu wengine. Nilidhani amesahau mstari wangu.

Miaka mitano baadaye akastaafu. Siku ya mwisho alinikabidhi penseli ile na uzi wake. Daftari akaliacha mezani. Aliyekuja baada yake ni kijana mpole, ametuwekea mtambo wa kuandikisha majina kwa kidole, na daftari amelihifadhi kabatini pamoja na magazeti. Nimelifungua mara mbili nikipangusa kabati.

Mwaka huu Nyamizi amepata nafasi ya chuo cha uuguzi Tabora. Mabula siku hizi anapakua makontena bandari kavu ya Isaka, amehamia huko na mkewe na mtoto, kwa hiyo tulipitia Isaka ili Nyamizi amuage, apandie treni hapo. Treni ilichelewa. Nilizunguka stesheni nikatoka nje, nikapita kwenye malori yaliyopanga mstari kuelekea Rwanda na Kongo, na mbele ya duka la vipuri nikamwona Mkutubi nyuma ya meza ndogo. Dereva mmoja amesimama mbele yake na fomu za mzigo, analalamika. Mkutubi anamwambia aandike kwanza kwenye karatasi anachotaka kuuliza forodhani.

Alikuwa amekaa. Miaka saba sikuwahi kumwona amekaa. Nikaangalia chini, kwa mazoea. Hakuvaa viatu vya kamba. Alivaa kandambili, mguu wa kushoto umevimba, na fimbo imeegemezwa kwenye goti.

Nikampa shikamoo, akaitikia, akafurahi hadi akataka kuinuka, mguu ukamkatalia. Aliniambia alianguka msalani, upande mmoja ukafa, presha. Angepimwa mapema isingefika huko, madaktari walimwambia. Nikamkumbusha habari ya daktari wa meno. Hakucheka.

"Swali langu sikuliandika, Kabula. Likajiandika lenyewe."

Lori likawasha injini. Alikuwa anatazama nyuma yangu, kule stesheni, ambako Nyamizi amekaa juu ya begi lake kubwa anakunywa soda kwa mrija, chupa ameishika kwa mikono miwili kama anavyoshika kila kitu.

"Mtoto wa mgongoni anakwenda wapi?" akauliza.

Sikumwambia ni mtoto wa jirani. Nikamwambia Tabora, uuguzi.

"Uuguzi." Akalirudia neno hilo taratibu. "Atashika sindano."

Nikasema ndiyo.

"Kule wana hospitali, na wana maktaba. Atafungua makala zile zile, ataona karai lile, kama ulivyoliona wewe. Ni bora alikute kwa mgeni, au aende analijua kutoka kwako?" Akaweka mkono wake mzima juu ya meza. "Safu yako ya tatu bado tupu. Sikukuuliza Ijumaa zote zile, nikidhani utajaza. Nilikosea kutokuuliza."

Nikamwambia naogopa atanichukia. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nikamwambia, sikujua, na tulikuwa na njaa. Akasema hayo yote nimwambie yeye, huyo aliyekuwa mgongoni, ni yake. Kisha akasema treni haijafika.

Nilirudi stesheni. Nilikwenda haraka, halafu polepole. Nyamizi aliniona akasogea kwenye begi anipishe nafasi, sikukaa. Akauliza yule mzee si Mkutubi wa ng'ombe wanaoota, nikasema ndiye. Akauliza amesemaje.

Treni ikapiga honi kutoka upande wa Shinyanga. Watu wakainuka wote kwa pamoja, na Nyamizi akainuka, akaanza kutafuta tiketi, vidole vikitetemeka kwenye zipu ndogo ya mkoba, nami nikamfungulia zipu.

"Amesema ufike salama," nikamwambia.

Akanikumbatia. Nikampandishia begi. Alipata kiti cha dirishani, akatoa mkono nje, nikaushika hadi treni ikanizidi mwendo, na mkono ule niliuhisi kiganjani mwangu baada ya behewa la mwisho kupita. Nilipogeuka, Mkutubi alikuwa bado anatazama huku, fimbo mkononi. Hakuuliza kitu kwa mbali. Penseli yake nilikuwa nayo kwenye mkoba, na uzi wake wa katani.